Fundi Ireri Alisema Tangi Halipumui

Jumapili, Julai. Muthara, nyumbani kwa mama. Upepo wenye vumbi, jua lisilo na joto, na harufu ambayo haitaki kunitoka vidoleni.

Nimenawa mara nne. Kwanza kwa sabuni ya kipande, halafu kwa sabuni ya unga, halafu kwa ndimu, halafu kwa jivu, kama mama anavyosugua sufuria. Bado ipo. Kila nikiinua simu karibu na uso ili niandike, naisikia. Ni harufu ya maji yaliyolala siku nyingi na kitu kilichooza.

Nimeketi kwenye ngazi ya karavani yetu. Godoro nimelianika juu ya ua wa kayaba na miiba imeshalitoboa. Sijali. Leo hakuna kitu katika boma hili kinachonichukiza kama mimi mwenyewe.

Acha niseme jambo lenyewe kabla sijapata nafasi ya kulipamba. Jumapili iliyopita niliandika katika shajara hii hii ya mtandaoni kwamba Fundi Ireri wa Kianjokoma ni tapeli, kwamba aliharibu tangi la maji la karavani yetu, na kwamba mtu mwenye akili timamu asimpe hata mtungi autengeneze. Niliandika jina lake. Niliandika na mahali anapofanyia kazi. Wengi wenu mliisoma, mkaisambaza.

Haikuwa kweli. Aliyeharibu tangi ni mimi.

Kwa anayefika hapa leo kwa mara ya kwanza: naitwa Karimi, mzaliwa wa Muthara, nimeolewa Embu, na nafanya kazi ya ofisi mjini Embu. Mume wangu ni Nyaga. Karavani yetu ni nyumba ndogo kuukuu ya magurudumu, inayovutwa nyuma ya gari, tuliyouziwa na mmishonari mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Watu hudhani tuliinunua kwa kiburi. Tuliinunua kwa ajili ya mama. Tangu baba afariki, mama hataki tuje tunywe chai na kukimbia, anataka tukae. Lakini kwetu mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake, na Nyaga alikuwa akilala lojingi kule sokoni, ambako biashara ya miraa haijui kulala. Alirudi kila asubuhi macho mekundu, anapiga miayo katikati ya maombi.

Karavani ikamaliza hilo. Analala uani kwa mama mkwe wake lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wazee walikuja kuikagua, wakaizunguka, wakayapiga magurudumu teke moja moja, wakasema haina neno.

Chini ya kitanda cha karavani kuna tangi la maji safi. Mdomo wa kulijazia uko ubavuni kwa nje, na kando ya mdomo huo kuna tundu dogo lenye kifuniko cha vichujio, chenye vitundu vya kupitishia hewa, saizi ya kifuniko cha soda. Kutoka kwenye tundu hilo mpira mwembamba hupita ndani ya ukuta hadi juu ya tangi. Maji yakiingia, hewa hutokea hapo. Maji yakitumika, hewa huingilia hapo. Yakizidi, humwagikia hapo. Leo nalieleza kama mwalimu. Mwezi wa nne sikujua hata kama lina kazi.

Shida ilianza baada ya safari ya Pasaka, safari yetu ya kwanza. Tuliporudi Embu nikataka kulijaza tangi niioshe karavani ndani. Nikachomeka mpira wa bustani kwenye mdomo. Maji yaliingia kidogo, tangi likaguguma, kisha likanitapikia kifuani. Nikasogea, nikarudi, likanitapikia tena. Ilibidi nimimine kwa kikombe, kidogo kidogo, kama ninayemnywesha mgonjwa uji. Ndani nako ilikuwa balaa: ukifungua mfereji wa sinki maji yanatoka kidogo, yanakohoa, yanakata, na pampu inabaki ikilia tu chini ya kitanda. Na hayo machache yaliyotoka yakaanza kuwa na ladha. Nyaga alisema ni ladha ya plastiki. Mimi nilisema ni ladha ya mmishonari.

Nyaga kwao ni pande za Kianjokoma, na kule yuko Fundi Ireri. Ni mtu wa hamsini na kitu, mwembamba, anayetengeneza matangi, mabomba, pampu za kunyunyizia kahawa dawa, na chochote kinachopitisha maji. Ana tabia moja iliyoniudhi tangu mwanzo: akiongea huangalia kile anachotengeneza, hakuangalii wewe. Alifungua mfereji wetu akaweka sikio ukutani. Akajaza maji, akatapikiwa, akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Kisha akasema.

"Madam, hii tangi haipumui."

Nilicheka. Nilimuuliza kama ni ng'ombe. Akanieleza, bila hasira, kwamba maji hayawezi kuingia mahali hewa haijatoka, na hayawezi kutoka mahali hewa haijaingia. Kile kifuniko cha tundu alikiona ni kizima na ni safi, kwa hivyo alifikiri mpira umekunjika au umezibwa mle ndani ya ukuta, labda na nyigu. Aliomba ruhusa abandue ubao mmoja kando ya kabati, aufuate mpira kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikakataa. Kabati zile nilikuwa nimezipaka rangi mwenyewe, likizo yangu yote iliishia hapo, na niliona mikono yake ilivyojaa grisi. Nilimwambia ashughulikie mdomo wa kujazia, kwa sababu maji yanatapikwa huko, ubao wangu auache. Akasema sawa, lakini shida haiko hapo. Nikamwambia karavani ni yangu na shida yake naijua mimi. Basi akaweka bomba pana zaidi mdomoni, kama nilivyoagiza. Tulipokuwa tunaondoka alisema tena lile neno lake la kupumua, mara ya tatu, na mimi nikapandisha kioo cha gari.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikuja huku. Mama alikuwa amealika kikundi chake cha akina mama wa kanisa, na mimi nilikuwa nimejigamba kwamba chai ya wageni itapikwa karavanini, waone sinki lenye mfereji. Uani kwa mama kuna bomba la mradi wa maji, na maji yake hushuka kutoka mlimani kwa nguvu za kukupokonya kikombe. Nikaunganisha mpira. Nikatapikiwa, mbele ya watu, nikiwa ndani ya kitenge changu kipya.

Hasira zikanipanda. Nilimwambia Nyaga alete kitambaa na ule ukanda wa blada, mpira wa ndani ya tairi, tunaofungia mizigo, auzungushie mpira pale mdomoni, akaze hadi tone lisipate pa kutokea. Nyaga aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia afunge.

Akafunga. Maji yakaingia kimya, yakaingia, yakaingia, na mimi nikasimama mbele ya akina mama nimeshika kiuno. Kisha kitanda kikaanza kuinuka. Kupitia mlangoni sote tulikiona kikipanda polepole, na godoro lake, na blanketi, na Biblia ya mama juu yake. Kukatoka mlio mmoja, kama gunia la maharagwe likipasuka, na maji yakashuka kwa ngazi hii ninayoikalia. Yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Yalinuka. Mama mmoja aliziba pua kwa leso akajifanya anapangusa jasho. Tangi lilikuwa limechanika ukingoni, mpasuko wa urefu wa mkono.

Chai ilipikwa jikoni kwa mama, kwa kuni, na hakuna aliyetaja sinki.

Siku iliyofuata, kabla hata viatu havijakauka, niliandika ile makala. Niliiandika kwa raha. Nakumbuka nikifuta neno laini ili niweke kali, nikisoma tena, nikitabasamu. Tapeli. Mharibifu. Mtu wa kubahatisha. Ikapita kutoka kikundi hiki cha simu hadi kile, na watu nisiowajua wakanipongeza kwa ujasiri.

Jumatano Nyaga alirudi kutoka kwao akiwa na habari. Shule moja kule ilikuwa imekubaliana na Ireri afunge matangi ya maji ya mvua kwenye madarasa yote, kazi ya miezi. Kamati ya shule ilikuwa imesoma maneno yangu, ikamwambia asubiri kwanza. Kila mtu kwetu anajua maana ya kuambiwa usubiri kwanza. Nilikuwa nimemmwagia mtu unga kwa kidole gumba tu.

Nikafurahi.

Naandika hili kwa sababu hakuna mtu mwingine anayelijua. Nyaga alikuwa akinitazama, nikakunja uso kama mtu anayesikitika, lakini ndani nilisikia kitu kitamu kikishuka kooni. Nilisema moyoni kwamba sasa atajua.

Alhamisi Ireri akanitumia ujumbe. Niliwasomea wenzangu ofisini, nikiiga anavyoongea, na tukacheka hadi mmoja akamwaga chai. Ninao hapa: "Madam mimi nilisema hiyo tangi haipumui. Ukinipatia ruhusa nitakuja nifungue ukuta nione. Sitaki kitu. Nataka tu kujua shida ilikuwa wapi."

Sikumjibu.

Leo tumekuja kuichukua karavani. Tulipotoka kanisani Nyaga akaingia chini yake kulegeza tangi lililopasuka, na mimi nikaanza kutoa nguo na matandiko. Kila kitu kimeota ukungu. Taulo zimeshikana. Blanketi la Kendi, binti yetu, limekuwa na madoa meusi na linanata. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko akichambua maharagwe, na kila nilichokitoa nilimtupia Ireri laana, sijui mara ngapi. Mama alinisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akaniuliza, kwa Kimeru, bila kuinua uso.

"Na lile gunzi uliloziba nalo Pasaka, mlilitoa?"

Nilimuuliza gunzi gani. Akanyoosha kidole kuelekea ubavu wa karavani, kando kabisa ya mdomo wa kujazia.

"Hapo. Siku gari lilipokuwa linakojoa mbele ya wageni."

Nilisimama na lile blanketi mkononi, na ikanirudia yote kwa pamoja.

Siku ile ya Pasaka tulitoka Embu tangi likiwa limejaa pomoni. Kwenye zile kona za kushuka na kupanda kabla ya Chuka, maji yalichupa kupitia lile tundu njia nzima. Tulipofika hapa, karavani ilisimama kwenye mteremko wa lango ikiwa imeinama upande, na maji yakaendelea kutoka ubavuni, mstari mwembamba usiokatika, mbele ya wajomba, mbele ya akina mama waliokuja na nyimbo kutupokea. Mjomba mmoja alisema kwa sauti kwamba gari la mkwe lilikuwa limebanwa tangu Embu. Watu wakacheka. Nyaga naye akacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nyuma ya jiko la mama kuna rundo la magunzi ya kuwashia moto. Katika boma hili kila chombo chenye mdomo huzibwa kwa gunzi: mtungi wa maji, mtungi wa uji, kibuyu, hata chupa ya mafuta ya taa. Nimekua nikifanya hivyo. Mkono wangu hauulizi kichwa. Nilichagua gunzi jembamba, la mahindi yaliyokosa mvua, nikabandua kile kifuniko cha vichujio, nikalisukuma ndani kwa kiganja hadi likakwama, nikavunja kilichobaki nje, na nikarudisha kifuniko ili paonekane nadhifu. Maji yakakata. Nikaenda kusalimia watu. Mukimo ulipopakuliwa nilikuwa nimeshasahau.

Nilisahau kabisa. Sijitii hamnazo. Nilimpeleka fundi karavani, nikasimama kando yake, nikamwona akikigusa kile kifuniko kwa kidole na kusema ni safi, na sikukumbuka.

Nikakibandua kwa kucha. Ndani palikuwa peusi. Nilichukua waya wa kutundikia nguo, nikaukunja ncha, nikauchomeka, nikavuta. Halikutaka. Lilikuwa limevimba, limejaza tundu lote. Nikavuta tena, kikatoka kipande, kisha lililobaki likaja lote kwa mara moja, na kijimaji kizito kikanimwagikia kiganjani, kikaingia ndani ya mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko.

Ningependa kuliruka hili lakini nimeamua kutojihurumia. Lilikuwa jeusi upande wa ndani na kijani upande wa nje, laini kama ndizi iliyooza, limevaa ute. Katika vile vishimo vinavyokaliwa na punje mlikuwa na vijidudu vyeupe, vyembamba kama uzi, vikijinyonganyonga. Kimoja kilibaki kwenye kidole changu cha pete. Nilitapika hapo hapo kando ya ua.

Kutoka chini ya karavani nikamsikia Nyaga. Alikuwa ameshika ncha ya pili ya mpira, ile ya upande wa tangi.

"Karimi, upepo unapita."

Alitoka, akajipangusa magoti, akaliangalia gunzi pale chini, akaniangalia. Akarudi chini ya karavani. Afadhali angenifokea.

Kisha nikakumbuka uji. Tangu mwezi wa nne, kila tone lililotoka kwenye mfereji ule lilitoka kwenye tangi lililokuwa likichuruzikiwa na kitu hicho. Nimepiga mswaki kwa maji hayo. Nimemwoshea Kendi matunda. Na mwezi wa tano, mama alipokuwa na kifua, nilimpikia uji karavanini siku tatu, nikimwambia maji yetu ni safi kuliko ya mtungi wake. Mtungi wake, unaozibwa kwa gunzi kavu linalobadilishwa kila wiki. Nikaenda kumwambia.

Akasema alijua uji ule una ladha, ila hakutaka kunivunja moyo.

Sasa nifike mahali ambapo sikutaka kufika. Mtadhani wazo langu la kwanza lilikuwa Ireri. Wazo langu la kwanza lilikuwa choo. Choo cha mama ni cha shimo, na kiko hatua chache tu kutoka hapa. Gunzi lingeingia humo na habari ikaisha. Mama hasomi mambo ya simu. Nyaga si mtu wa maneno. Ningeifuta ile makala kimya kimya, na baada ya wiki mbili watu wangekuwa wameshika jambo jingine. Nililiokota kwa jani la mgomba nikatembea nalo hadi mlangoni pa choo. Nilishaushika mlango.

Kilichonirudisha si wema. Ni hii harufu. Nilipoinua mkono kufungua mlango ilinipiga puani, kali kuliko ya choo chenyewe, na nikajua ni yangu. Nimeitengeneza mimi, nikaifunika kwa kifuniko nadhifu, halafu nikampaka mtu mwingine. Wiki nzima anatembea nayo sokoni Kianjokoma na hajui imetoka wapi. Ameniomba tu aje aone, na nimemcheka.

Nilirudi nalo. Nililiweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikafunga kifuniko. Kisha nikampigia.

Simu ililia mara mbili akapokea. Nilikuwa nimepanga maneno na yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba ilikuwa gunzi. Kwamba nililiweka mimi kwenye tundu la hewa, siku ya Pasaka, nikaliacha humo. Kwamba hata ile ya kufunga mpira kwa blada hadi tangi likapasuka niliagiza mimi. Kwamba alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Nilisikia kuku wa kwake.

"Gunzi," akasema. "Mimi nilifikiria nyigu."

Halafu akaanza kuniuliza. Liliingia umbali gani? Lilikuwa limevimba? Na mpira wenyewe, uko mzima? Aliuliza kwa hamu ya kweli, kama mtu aliyekuwa amepoteza spana na sasa anaambiwa ilipo, na hilo lilinitesa kuliko kama angenitukana. Akasema nimpelekee tangi, mpasuko wa ukingoni unaweza kushikishwa kwa moto. Nikamwambia nimemkosea, naomba msamaha, na kesho nitaenda mwenyewe kwa kamati ya shule. Akasema hiyo itakuwa vizuri. Nikadhani tumemaliza. Lakini hakukata simu.

"Unajua, madam, mimi sina hiyo simu ya kusoma hayo mambo. Ni Wawira alinisomea. Msichana wangu, yule ako chuo. Alisoma yote mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama ni ukweli."

Nilimuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia angoje. Siku hiyo tangi itafunguliwa, itajulikana." Akakohoa kidogo. "Sasa hii ingine, ukiandika, utaandika pale pale? Ndio anisomee."

Nikamwambia nitaandika pale pale.

Nyaga anafunga kamba za tangi juu ya gari. Mama amemaliza maharagwe na anachoma taka, na moshi unanisaidia kidogo. Ile makala ya Jumapili iliyopita sijaifuta, kwa sababu wengi wenu mnayo kwenye simu zenu na kuifuta kwangu kungekuwa kujificha tu. Nimeweka hii juu yake. Aliyeisambaza ile, naomba aisambaze na hii, kwa bidii ile ile.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa Kianjokoma kabla ya kwenda kazini. Nitaanza kwa kamati ya shule, na nitalifungua hili kopo mezani kwao ili wanuse wenyewe kazi ya mikono yangu. Kisha nitaenda ofisini niwasomee wenzangu ule ujumbe mara ya pili, safari hii bila kumwiga mtu. Sina hamu. Sijui nitamtazamaje yule aliyemwaga chai.

Huwa siandiki shajara hii kwa ajili ya mtu fulani. Leo naiandika kwa mmoja.

Wawira, ulimuuliza baba yako kama ni ukweli. Si ukweli. Baba yako alisema tangi halipumui. Alisema mara tatu, na mimi nikapandisha kioo.